Kinachoshikwa na Kinachoachwa

Waandishi wa vitabu vya nasaha wametuzoeza kuamini kwamba azma ni tabia moja isiyogawanyika, ambayo mtu ama anayo ama hana, na kwamba aliye nayo hutambulikana kwa kung'ang'ania: akikataliwa leo hurudi kesho, akianguka huinuka, na njia aliyoianza ndiyo anayoimaliza. Picha hiyo hupendeza majukwaani, na vijana wengi wameisikia katika mahafali ya shule zao. Lakini ye yote aliyepata kukaa karibu na wafanyao tijara ndogo katika mji mkubwa, mahali ambapo sheria, mvua, bei na vita vya nchi jirani hubadilika bila ya kumtaka mtu shauri, atakubaliana nami kwamba ina upungufu, maana haisemi ni kitu gani hasa kinachostahili kung'ang'aniwa. Mwenye duka anayeishikilia bidhaa isiyonunuliwa, na jirani yake anayeiondoa bidhaa hiyo rafuni ili duka lisifungwe, wote wawili wana azma. Mmoja ameitia katika bidhaa, wa pili ameitia katika duka, na mwisho wa mwaka hali zao hazilingani hata kidogo.

Nimekusudia kulichungua swali hili mahali pamoja tu, Kisenyi ya Kampala, kwa sababu sijui mtaa mwingine katika Afrika ya Mashariki ambamo watu wengi namna ile, waliotoka nchi nyingi namna ile, wamelazimika kuamua kwa haraka kipi cha kushika na kipi cha kuacha.

Kisenyi iko bondeni, chini ya kilima cha Mengo chenye kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Owino, ambalo kwa jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, na kutoka vituo vikuu vya mabasi na vya teksi, kama Waganda wanavyoyaita magari ya abiria ambayo Mkenya huyaita matatu na Mtanzania daladala. Maji ya mvua yashukayo vilimani hupitia huko kabla ya kuingia katika mfereji wa Nakivubo unaoyapeleka Ziwa Viktoria, na mvua kubwa inaponyesha, mfereji huyarudisha mitaani yale uliopaswa kuyachukua, pamoja na takataka za mji mzima. Anayefika mara ya kwanza huona vumbi, mabati, malori na msongamano, na huondoka akidhani kwamba ameona fujo. Kumbe ameona mpango, ila ni mpango ambao haukuchorwa na mtu mmoja.

Chanzo chake ni mpaka. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi ya ufalme kwa namna iliyoitwa mailo, na serikali ya Kiingereza ilipojijengea mji wake wa Kampala kando ya makao ya Kabaka, ikawa kuna miji miwili iliyopakana: mmoja ulitawaliwa kwa sheria za manispaa, zenye vipimo vya nyumba na masharti ya afya, na wa pili, ulioitwa Kibuga, ulikuwa chini ya machifu wa Mengo. Kisenyi iliangukia upande wa pili, hatua chache tu kutoka mstari. Mtu ambaye sheria za mji wa kwanza zilimkataza kujenga kwa udongo na mabati, au ambaye mshahara wake haukutosha kulipia chumba kilichokubaliwa na bwana afya, alivuka mpaka huo jioni akalala Kisenyi, na asubuhi akavuka tena kwenda kazini. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili wa taasisi ya uchunguzi wa jamii iliyokuwa Makerere, Aidan Southall na Peter Gutkind, waliyachunguza maisha ya vitongoji vya Kampala, Kisenyi na Mulago, wakatoa kitabu mwaka 1957. Nao walikuta Kisenyi mchanganyiko wa makabila, vyumba vilivyopangishwa kimoja kimoja, biashara ya pombe iliyoshamiri, na jambo lililowashangaza wengi wa zama zile: wanawake waliojitoa katika ndoa na vijiji, wakawa na nyumba zao wenyewe na wapangaji wao wenyewe. Wanawake hao walitaka kujitegemea. Shamba halikuwapa nafasi hiyo, wala ofisi za mji wa Wazungu, nao wakaipata katika ufa uliokuwapo baina ya tawala mbili. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilipanuliwa ikaumeza Mengo, na ufa ule ukazibwa kisheria. Lakini tabia ya mahali haifutwi kwa tangazo la gazeti la serikali.

Leo sauti kubwa ya Kisenyi ni ya mashine za kusaga. Mahindi huja kwa malori kutoka Masindi, Busoga na kwingineko, yakapakuliwa na wachukuzi ambao nyusi zao zimekuwa nyeupe kwa vumbi kabla ya saa mbili ya asubuhi. Kisha hukobolewa, pumba zikatoka upande mmoja na punje nyeupe upande wa pili, ndipo punje zikasagwa zikawa unga, ambao Uganda nzima huuita posho ukiwa katika gunia na huuita posho ukiwa katika sahani. Wengi wa wenye mashine si wenye mahindi. Mwenye mahindi hulipa ujira wa kusagiwa kwa uzito, na hapo ndipo panapoonekana hekima ya kwanza ya kazi hii, maana bei ya mahindi hupanda na kushuka kwa misimu miwili ya mavuno, na aliyejifunga kwenye kununua peke yake anaweza kuangamia katika msimu mmoja, ilhali anayesaga kwa ujira hula kidogo, lakini hula kila siku. Hata pumba zina mteja wake: wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa hulisha mifugo kwa pumba, hivyo yapo majuma ambayo unga hauleti faida ya kutosha, na kinachomlipa fundi wa mashine ni kile kilichoondolewa katika unga.

Usagaji huo unategemea umeme, na umeme wa Uganda umewahi kuwa mtihani. Miaka ya 2005 na 2006 kina cha Ziwa Viktoria kilishuka, mitambo ya Nalubaale na Kiira huko Jinja ikakosa maji ya kutosha, na Kampala ikagawiwa umeme kwa zamu. Upungufu ulirudi tena mwaka 2011, mpaka bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilipozinduliwa Oktoba 2012. Katika siku hizo ratiba ya umeme ndiyo iliyokuwa ratiba ya kazi, na kama umeme ulikuja usiku wa manane, basi usiku wa manane ndio uliokuwa asubuhi. Mwenye uwezo wa jenereta aliwasha dizeli, akafanya hesabu, akaona kwamba kila kilo aliyosaga imemla badala ya kumlisha, akazima. Sioni katika jambo hili ushujaa wa kuimbiwa. Naona watu waliojua kwamba saa za kazi ni kitu kinachoweza kuachwa, na mteja ni kitu kisichoweza kuachwa.

Nitaeleza kwa nini. Ukikaa saa moja katika kibanda cha msagaji, utamwona mama mwenye duka la rejareja akisimama mlangoni, khanga imefungwa kichwani kwa sababu ya vumbi, naye atasema, "Hajji, nipe gunia mbili, moja nakulipa sasa, la pili Ijumaa." Hajji hatazami daftari. Atamwuliza, "Na lile la juma lililopita, Hajati?" Naye Hajati atazitoa fedha za lile la juma lililopita, zilizokunjwa kunjwa katika pindo la nguo, kabla hajapewa jipya. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi, wala benki iliyoingia katikati. Sasa mfikirie Hajji huyo katika mwezi wa giza: akimwambia Hajati aende akatafute kwingine, atakuwa amepoteza si mauzo ya mwezi, bali miaka ya kujuana ambayo ndiyo rasilimali yake ya kweli. Mashine hununuliwa upya, lakini ule ujuzi wa nani hulipa Ijumaa na nani husema Ijumaa tu haupatikani dukani.

Mitihani mingine hutoka mbali zaidi. Soko la Sudan Kusini, ambalo wafanyabiashara wa nafaka wa Uganda walilikimbilia baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005, liliwaka moto wa vita Desemba 2013 na tena Julai 2016, na waliokuwa na shehena Juba au na madeni huko walirudi mikono mitupu, na wengine hawakurudi kabisa. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, ikaja kulegeza amri hiyo kwa masharti baada ya siku chache tu. Mwaka 2023 malori ya Uganda yalizuiliwa mpakani Nimule na wakuu wa Sudan Kusini kwa hoja iyo hiyo. Mbele ya amri kama hizi, mtu anaweza kulaani siasa, na mara nyingi laana hizo ni haki. Walakini sumukuvu ni kitu cha kweli, hutokana na mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yangali na unyevu, na msagaji aliyeelewa jambo hilo alianza kuukagua ukavu wa punje mlangoni mwake kabla ya kupokea gunia. Kikwazo kilichokuja kwa sura ya uonevu kilikuwa na somo la ufundi ndani yake. Sisemi kwamba kila uonevu una somo. Nasema huu ulikuwa nalo.

Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ye yote ajuaye posho huliwa wapi atafahamu maana ya tarehe hizo kwa Kisenyi: shule za bweni ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa unga, na kwa sehemu kubwa ya karibu miaka miwili hiyo jikoni mwake hamkuwa na moto. Lakini katika majuma ya kwanza ya kufungiwa serikali ilitangaza kugawa chakula kwa watu wapatao milioni 1.5 wa Kampala na Wakiso, kila mtu kilo 6 za unga na kilo 3 za maharage, na unga huo ulipaswa kusagwa na mtu. Mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguka, ingawa si kwa kila mtu wala kwa muda mrefu, kwa kuwa zabuni za serikali zina watu wake. Wauza chakula sokoni nao waliambiwa kwamba wakitaka kuendelea kuuza walale huko huko sokoni, wasirudi majumbani. Wakatandika maboksi kando ya meza zao za nyanya, wakalala. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wazee, na watu wa Katwe, majirani wa Kisenyi wanaofua vyuma, wanaijua methali hiyo bila ya kufundishwa.

Sasa niwaendee Wasomali, maana ndio wanaotajwa kwanza kila Kisenyi inapotajwa, hata watu wameupachika mtaa jina la Mogadishu ndogo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na nchi ikagawanyika mikononi mwa wenye bunduki, waliokimbia walitawanyika pande nyingi, na sehemu yao walifika Uganda, wengi baada ya kukaa kwanza Kenya, ambako walijipatia Kiswahili kilichowafaa sana baadaye. Uganda iliwawekea njia mbili. Ya kwanza ni Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, makao ya wakimbizi ya tangu zama za ukoloni, ambako mtu hupewa kipande cha ardhi na msaada wa chakula. Ya pili ni Kampala, ambako hupewi kitu, ila huzuiwi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 zilimpa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kutembea, na kwa mchungaji wa ngamia au mfanyabiashara wa mjini ambaye hajapata kushika jembe, haki ya kutembea ilikuwa na thamani kubwa kuliko shamba la bure.

Wakaja Kisenyi na kidogo walichokuwa nacho, ambacho aghalabu kilikuwa jina la ukoo na nambari ya simu ya jamaa aliyeko ng'ambo. Chumba kikawa duka, duka likawa nyumba ya kulala wageni, na kando yake mkahawa unaotoa wali wa nyama na ndizi mbivu juu yake, mlo ambao Mganda huutazama kwa mshangao mara ya kwanza na kuuagiza mara ya pili. Wanawake ambao kwao hawakuwa wakitoka nyumbani pasipo haja walianza kuuza vitambaa, chai na anjera, kwa kuwa waume zao walikuwa wamekufa, au wametoweka, au wamebaki nyuma. Nao wakaanzisha upatu wao, uitwao ayuuto, ambao fedha za juma humwangukia mmoja wao kwa zamu, akapata mtaji ambao benki isingempa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa taarifa yao juu ya uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, wakaonyesha kwamba katika kila wakimbizi 100 wa Kampala waliohojiwa, 21 walikuwa na biashara iliyomwajiri angalau mtu mmoja mwingine, na katika kila 100 walioajiriwa, 40 walikuwa raia wa Uganda. Hesabu hiyo iliwafadhaisha waliozoea kumwona mkimbizi kuwa ni tumbo linalosubiri kujazwa.

Lakini ninachotaka msomaji akitazame ni hawala, kwa kuwa ndani yake jambo ninalolisema limo wazi. Kijana aliyeko Minneapolis, Marekani, humkabidhi wakala dola zake. Wakala huyo humjulisha mwenzake wa Kisenyi. Mama wa kijana hulipwa shilingi siku hiyo hiyo, na mawakala hulipana wenyewe baadaye kwa bidhaa au kwa hesabu nyingine. Tarehe 7 Novemba 2001 serikali ya Marekani iliifunga al-Barakaat, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika kazi hiyo, ikazuia fedha zake kwa tuhuma za kuwasaidia magaidi, na maelfu ya aila za Kisomali katika ulimwengu wote zikaamka hazina njia ya kupokea chakula cha mwezi. Kampuni ilikufa. Hawala haikufa, kwa sababu hawala haikuwa kampuni. Ilikuwa ni kuaminiana baina ya mtu na mtu ambako kulitangulia kampuni hiyo, na katika muda mfupi wateja na mawakala wakahamia nyumba nyingine, Dahabshiil ikawa mojawapo ya zilizokua. Waliachana na jina, ofisi, na karatasi zenye nembo, bighairi ya kusitasita, wakaishika amana, kwa kuwa amana ikivunjika mara moja hakuna nyumba nyingine ya kuhamia.

Siku ya tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu ya wapiganaji wa Kisomali wa al-Shabaab yaliua watu zaidi ya 70 katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Kisenyi iliogopa mara mbili: iliogopa mabomu kama Kampala yote, na iliogopa majirani. Wapo waliokuwa wamewakimbia al-Shabaab hao hao Mogadishu, na sasa walitazamwa kana kwamba wamewaleta. Wakubwa wa jamii walitoka hadharani kulaani mauaji, polisi walipekua, na maduka yakafunguliwa. Hapa uthabiti haukuwa na chochote cha ujanja ndani yake, na sidhani kwamba kitabu cha nasaha kinaweza kumfundisha mtu namna ya kupima sukari kwa mteja ambaye jana alikuwa rafiki na leo anamwangalia mkono.

Miaka minne baadaye Nairobi ilijaribiwa kwa mtihani wa namna hiyo, na jawabu likawa jingine. Machi 2014 serikali ya Kenya iliwaamuru wakimbizi wote wa mijini warudi katika kambi za Dadaab na Kakuma, na Aprili askari waliingia mtaa wa Eastleigh katika msako ulioitwa Usalama Watch, wakawakamata maelfu, wengi wao wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wasomali wa Eastleigh hawakuwa na azma haba kuliko wa Kisenyi; kwa hakika ndio waliokuwa wamejenga soko kubwa zaidi, na fedha zao ndizo zilizolisha maduka ya Kisenyi mara nyingi. Tofauti ilikuwa katika karatasi ya sheria. Penye nia pana njia, twasema, na methali ni ya kweli kwa kadiri yake, lakini haikutuambia njia hiyo ni mali ya nani, wala nani ana ufunguo wa lango lake. Na mhubiri anayemwambia maskini kwamba kukwama kwake kumetokana na uchache wa nia anafanya kosa ambalo, likitoka katika kinywa cha mtu aliyeshiba, linakaribia kuwa dhambi.

Asiyeamini na asimame nyuma ya mashine za kusaga, wakati malori yanapopakuliwa. Atawaona wanawake wa Kikaramojong waliotoka kaskazini mashariki ya nchi, ambako ukame na wizi wa mifugo umewanyang'anya ng'ombe, wakifagia kwa mafagio mafupi punje zilizomwagika chini ya magurudumu, wakazikusanya na mchanga wake, kisha wakapepeta kwa ungo: mkupuo mmoja juu, mkupuo mmoja pembeni, vumbi likaenda na upepo, vijiwe vikabaki ukingoni vikaokotwa kwa kidole, na mwisho wa asubuhi pakapatikana bakuli la mahindi ya kuuza au kupika. Watoto wao huokota pamoja nao. Mara kwa mara wakuu wa mji huwasomba kwa magari kuwarudisha Karamoja, nao baada ya muda wakarudi. Kama uvumilivu na kujigeuza kulingana na hali vingetosha kumtajirisha mja, wanawake hawa wangekuwa na maghorofa. Wanavyo vyote viwili kwa wingi. Wasicho nacho ni hati, lugha ya ofisini, mtaji, na jamaa aliyeko Minneapolis.

Nimebakiza aina moja ya nia, ambayo ni ngumu kuliko zote kuizungumza bila ya kumwumiza mtu. Wakimbizi wengi wa Kisomali hutamani kupelekwa nchi ya tatu, Marekani, Kanada au Ulaya, na tamaa hiyo inapomshika mtu mpaka akawa hana habari na pale alipo, wenyewe huiita buufis na kuihesabu karibu na maradhi. Mwenye nayo hasomi, maana atasoma huko. Haoi, maana ndoa itaharibu faili. Hafungui duka, maana huenda akaitwa kesho. Ni azma kamili, haina ufa. Ila imewekwa juu ya meza ya ofisa asiyemjua, na ofisa huyo naye ana wakubwa wake. Tarehe 27 Januari 2017 Rais Donald Trump alitia sahihi amri iliyowazuia Wasomali na watu wa nchi nyingine sita kuingia Marekani na kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Nairobi, Wasomali wapatao 140 waliokuwa wamekwisha kutolewa Dadaab na kungojea ndege walirudishwa kambini, wengine wao wakiwa wameuza walivyokuwa navyo. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya awamu yake ya pili, upokeaji ulisimamishwa tena.

Wenye busara wa Kisenyi wamelipatia jambo hili dawa ya nusu. Anayesubiri huifungua biashara hata hivyo, lakini huifungua kwa ubia na ndugu au binamu, ili akiitwa duka lisife, na asipoitwa yeye asife; faili likitembea, anatembea, na likilala, anauza. Naona huo ni mpango wa akili kuliko yote niliyoitaja katika sura hii, na ndio unaoeleza kwa nini maduka ya mtaa ule hubadili wenyewe bila ya kubadili vibao.

Hata hivyo mpango huo una bei, na si haki kuificha. Mtu anayeishi tayari kwa safari huiweka mali yake katika vitu vinavyohamishika: mitumba ya nguo, simu, mapipa ya mafuta, haki ya jina zuri sokoni. Hajengi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ya mailo wala ya milele, ila kwa kukodi tu, na hata kukodi kwa miaka mingi kunahitaji moyo wa mtu anayeamini kwamba atakuwapo. Kwa hiyo maghorofa yanapopanda Kisenyi, kando ya mashine za kusaga na juu ya viwanja ambavyo zamani vilikuwa na vyumba vya udongo vya wale wanawake wa Southall, wanaoyajaza ni hodari wa kugeuka pamoja na nyakati, na wanaoyamiliki ni watu wengine kabisa. Kodi ya duka la mbele, ukiijumlisha kwa miaka ishirini, ingetosha kununua mengi. Mpangaji anaijua hesabu hiyo kuliko mimi, ameipiga mara nyingi usiku. Mwenye jengo naye anaijua, na anapoona biashara imenawiri humwita mpangaji wake kwa adabu, akamwagizia chai, akamwambia kwamba kuanzia mwezi ujao kodi imepanda.